Waisraeli na Wapalestina wa kawaida wakikaa kuigiza mazungumzo ya amani, inasaidia kitu kweli?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Tanga na nasimamia klabu ya midahalo. Niliona video ya Waisraeli na Wapalestina wa kawaida kabisa, sio wanasiasa, wamekaa meza moja wanajadiliana mkataba wa amani kana kwamba wao ndo serikali, mwisho wakasaini na watu wakapiga makofi. Nikajiuliza huu si mchezo wa kuigiza tu, maana hilo karatasi lao halina nguvu popote. Na baada ya yaliyotokea tangu Oktoba 2023 kuna mtu bado ana hamu ya kukaa na mwenzake? Nataka kujua kama nifanye zoezi la namna hiyo na vijana wangu wa kidato cha tano ama nitakuwa nawapotezea muda.

JIBU: Marahaba mwalimu. Kwa kifupi ni kwamba ndio, ni kuigiza, na ndio, karatasi halina nguvu, ila faida yake haipo kwenye karatasi, ipo kwenye kile kinachotokea saa ya tatu au ya nne pale watu wameshachoka kuhutubiana na sasa inabidi waandike sentensi moja ambayo wote watakubali kuisaini. Hapo ndo ntakaa na wewe muda mrefu, mengine ntayapita haraka.

Kwanza tutenganishe vitu maana watu wanatia kila kitu kapu moja. Kuna mikutano ya kufahamiana, mfano Seeds of Peace, ilianzishwa 1993 na mwandishi wa habari wa Marekani John Wallach, wanachukua vijana wa pande zote wanawapeleka kambini jimbo la Maine, wanacheza, wanakula pamoja, halafu wana vikao vya kuambiana ukweli na wengine wanatoka humo wanalia. Kuna Parents Circle, hawa ni wafiwa, kuingia lazima uwe umepoteza mtu wako wa karibu kwenye mgogoro huu, aliianzisha baba mmoja Mwisraeli, Yitzhak Frankenthal, mwaka 1995 baada ya mwanae kuuawa na Hamas mwaka mmoja nyuma, na leo ni familia zaidi ya 600 za pande zote mbili. Kuna Combatants for Peace, wanajeshi wa zamani wa Israeli na wapiganaji wa zamani wa Kipalestina, wametimiza miaka mingi sasa wanafanya ibada ya kumbukumbu ya pamoja na hao wafiwa, na kuna miaka serikali ya Israeli iliwanyima Wapalestina kibali cha kuingia kuhudhuria hadi mahakama kuu ikaingilia. Hawa wote wanafanya kazi kubwa lakini hawaandiki mkataba. Lengo lao ni umuone mwenzako kama mtu.

Ulichokiona wewe ni aina nyingine. Maelezo yako yanafanana sana na kitu kinaitwa Minds of Peace, kilianzishwa na msomi Mwisraeli, Sapir Handelman, na kilianzia kwenye vyuo vya Marekani kabla ya kuhamia kwenyewe, Israeli na Ukingo wa Magharibi. Utaratibu wake wa kawaida ni wajumbe watano kila upande, wasuluhishi, siku mbili, vikao kadhaa, na watazamaji wanaruhusiwa kukaa na kuuliza maswali. Wazo lenyewe limetoka Afrika Kusini na Ireland ya Kaskazini miaka ya 90, kule mazungumzo yalikuwa ya vyama vingi na wananchi walikuwa wanayafuatilia, sio viongozi wawili wamejifungia kwenye hoteli. Handelman akasema Waisraeli na Wapalestina hawajawahi kuwa na baraza la namna hiyo, basi acha tulijaribu kwa kidogo tuone linaleta nini.

Sasa linaleta nini. Kikao cha kwanza ni historia, kila mara, hakuna msuluhishi aliyewahi kuikwepa. Mwisraeli anaanza 1947, Umoja wa Mataifa uligawa nchi nyie mkakataa. Mpalestina anaanza 1948, Nakba, yaani janga, watu kama laki saba walifukuzwa na kukimbia na bibi yangu alikufa na ufunguo wa nyumba yake. Mwisraeli anarudi kwenye Maangamizi ya Wayahudi kule Ulaya, Mpalestina anauliza sasa mimi nilihusika vipi na ya Ulaya. Hapo msuluhishi mzuri anaacha kidogo watoe ya moyoni halafu anauliza swali la kijinga kabisa, je mwezi ujao mnataka kitu gani kiwe kimebadilika? Na hapo ndo utaona.

Mpalestina anasema toeni vizuizi barabarani, mke wangu alijifungulia foleni, na acheni kujenga makazi ya walowezi wenu kwenye ardhi ambayo eti tunaijadili. Mwisraeli anajibu nikitoa kizuizi leo kesho basi linalipuliwa, wanangu wanapanda hilo basi, acheni kwanza mashambulizi halafu tuongee vizuizi. Mpalestina anamwangalia, mimi ni mwalimu, sina hata manati, unataka niache nini? Kimya. Kisha mtu wa upande wa Israeli, mara nyingi yule aliyekuwa mkali kuliko wote asubuhi, anasema sawa, tuandike kwamba kizuizi hiki na hiki kinaondoka siku fulani, na siku hiyohiyo uongozi wenu unatangaza hadharani hili na hili, na mtu wa tatu anakagua. Wanaanza kubishana nani awe huyo mtu wa tatu. Marekani? Mpalestina hataki. Umoja wa Mataifa? Mwisraeli hataki. Misri na Jordan pamoja na Wazungu fulani? Mhh, andika tuone.

Hayo majibizano nimeyafupisha lakini mtiririko ndo huo, na mimi nikiendesha zoezi hili na wanafunzi wangu wa uzamili, Waafrika watupu ambao hawajafika hata Cairo, wanakwama palepale. Hawakwami kwenye ramani. Wanakwama kwenye nani aanze, nani anakagua, na wafungwa. Wafungwa mwalimu usiwaache nyuma, hiyo ishu inaweza kuvunja meza kuliko hata Yerusalemu, maana kwa Wapalestina karibu kila ukoo una mtu amepitia jela ya Israeli na kwa Waisraeli kuna mama anajua jina la mtu aliyemuua mwanae na anajua yupo kwenye orodha ya watakaoachiwa.

Na ndo maana nasema ramani sio tatizo kubwa kivile, ushahidi upo. Desemba 2003 kundi la Yossi Beilin upande wa Israeli na Yasser Abed Rabbo upande wa Palestina, watu waliokuwa wamewahi kushika vyeo lakini siku hiyo hawakuwa na mamlaka ya kusaini chochote, walizindua Geneva mkataba kamili wa mfano. Mpaka wa kabla ya vita ya 1967 na kubadilishana vipande vya ardhi, Yerusalemu miji mikuu miwili kufuata mitaa ya nani inakaliwa na nani, wakimbizi wana njia kadhaa za kuchagua na fidia, yote imeandikwa. Wakaituma kwa posta kwenye nyumba za Waisraeli waisome wenyewe. Serikali ya Ariel Sharon ikaikataa, na wapo Wapalestina wengi walioona haki ya wakimbizi kurudi imeuzwa. Zaidi ya miaka 20 sasa hiyo karatasi ipo. Kwa hiyo mtu akikwambia hawajaelewana kwa sababu hawajui suluhisho lifananeje, hapana, rasimu zipo, kinachokosekana ni mtu mwenye nguvu anayeona gharama ya kuendelea hivi ni kubwa kuliko gharama ya kusaini.

Swali lako la pili ndani ya la kwanza, je vikao vya watu wasio na cheo vimewahi kuzaa kitu? Vimewahi. Kabla ya 1993 Mwisraeli kukutana na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, lilikuwa kosa la jinai, kuna jamaa anaitwa Abie Nathan, rubani wa zamani aliyekuwa na redio ya amani inarusha matangazo kutoka melini, alifungwa mara mbili kwa kukutana na Yasser Arafat, kiongozi wa PLO. Januari 1993 sheria ile ikafutwa, na mwezi huohuo kule Sarpsborg, Norway, wasomi wawili wa Israeli, Yair Hirschfeld na Ron Pundak, walikuwa wameshakaa na Ahmed Qurei wa PLO kwa jina la semina. Miezi minane baadae waziri mkuu wa Israeli, Rabin, na Arafat wanapeana mikono Washington, tarehe 13 Septemba. Hiyo ndo mikataba ya Oslo. Ilianza na walimu wa chuo wawili.

Lakini usishangilie haraka. Hirschfeld alikuwa na waya wa moja kwa moja hadi kwa Beilin ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri wa mambo ya nje, na Qurei alikuwa anaripoti kwa wakubwa wake Tunis, makao ya PLO wakati huo. Mshenga akikubaliana mahari anajua nyuma yake kuna baba na wajomba, akizidisha watamkataa akirudi, na upande wa pili wanajua hilo ndo maana wanamchukulia siriasi. Wajumbe wa zoezi lako la video hawana wajomba nyuma yao. Wanaweza kuwa wakarimu bure, mtu anaachia nusu ya Yerusalemu saa kumi jioni kwa sababu amechoka na anataka kuwahi basi. Huo ndo udhaifu mkubwa wa mazoezi haya na waandaaji wake wengi hawapendi kuusema, na watazamaji wanapopiga makofi pale mwisho wanapigia ukarimu usiolipiwa na mtu.

Kuna lawama nyingine nzito zaidi na hii inatoka kwa Wapalestina wenyewe. Wanaita tatbii, yaani kufanya mambo yaonekane ya kawaida wakati sio ya kawaida. Hoja yao ni hivi, mnatukutanisha kama vile ni majirani wawili waliogombana, sote sawa, kumbe mmoja anatawaliwa na jeshi la mwenzake. Tazama tu siku ya mkutano inavyoanza. Ukikutania Tel Aviv, Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi anahitaji kibali cha jeshi, anaamka usiku kupanga foleni ya kizuizi, na kibali kinaweza kufutwa asubuhi hiyohiyo, wakati Mwisraeli anakuja na gari yake na kahawa mkononi. Ukikutania Ramallah, Mwisraeli anazuiwa na sheria ya nchi yake, kuna mabango mekundu barabarani yanamwambia kuingia eneo A, yaani miji iliyo chini ya Mamlaka ya Palestina, ni marufuku na ni hatari kwa maisha yake. Ndo maana mikutano mingi inaangukia sehemu kama Beit Jala, karibu na Bethlehemu, kuna vipande vya eneo C pale, linaloshikwa na Israeli, ambavyo wote wanaweza kufika. Na Mpalestina akirudi kwao kuna watakaomwita msaliti, hiyo sio maneno tu, ni usalama wake. Mwisraeli naye anaweza kutukanwa na shemeji mezani, haifanani.

Mimi nakubaliana na hiyo lawama kwa sehemu kubwa, sikubaliani na dawa yake ya kususia kila kitu. Kuna utafiti wa Emile Bruneau na Rebecca Saxe wa chuo cha MIT, Marekani, ulitoka 2012, naupenda sana kwa sababu unaonyesha tofauti ya nguvu ndani ya chumba. Waliwakutanisha Waisraeli na Wapalestina kwa video, mmoja anaeleza matatizo ya maisha yake na mwingine anasikiliza na kurudia alichosikia kwa maneno yake. Wakagundua Waisraeli walilegea zaidi walipokuwa wanasikiliza, na Wapalestina walilegea zaidi walipokuwa wanasikilizwa. Sasa angalia programu nyingi zinavyofanya, zinasema kila mtu dakika tano tano, usawa, na wanadhani hiyo ndo haki. Aliye chini hana haja ya kuambiwa mateso ya aliye juu, anayajua, anayasikia kila siku kwenye habari. Anataka mtu wa upande wa pili amsikilize hadi mwisho bila kumkatiza na lakini.

Tukirudi kwenye nani yuko mezani. Wanaojitolea kuja ni wale ambao tayari wanataka amani, hiyo inajulikana, na ndo maana mkataba unapatikana siku mbili. Nenda kamuite mlowezi wa kidini kutoka Hebron na kijana wa kambi ya wakimbizi ya Jenin uone kama utamaliza hata ajenda. Wapo wachache wanaothubutu, kule Gush Etzion kuna kundi linaitwa Roots tangu 2014, walowezi na majirani zao Wapalestina, na wanalaumiwa kutoka pande zote. Huku kwetu tuna somo letu wenyewe, Arusha. Mwalimu Nyerere alianza kusuluhisha Warundi, akafariki Oktoba 1999, Mandela akapokea, Agosti 2000 mkataba ukasainiwa pale. Picha nzuri kabisa. Lakini CNDD-FDD na FNL, wenye bunduki porini, hawakuwa wamesaini na vita ikaendelea, CNDD-FDD wakaja kuingia mkataba 2003 na FNL miaka kadhaa baadae. Ireland ya Kaskazini walijifunza hilo kwa njia yao, Mei 1996 walifanya uchaguzi maalumu wa kuchagua watakaokaa mezani, vyama kumi vya juu vikapata nafasi, hata vidogo vyenye uhusiano na wanamgambo na chama cha wanawake kilichoundwa wiki chache kabla, na Sinn Féin, chama kilichohusishwa na wapiganaji wa IRA, wakaingia 1997 IRA iliposimamisha tena mapigano. Mkataba ulipokuja Aprili 1998 ukapelekwa kwa wananchi wakapiga kura, asilimia 71 kaskazini wakasema ndio. Kwa hiyo zoezi la kuigiza ambalo halina mtu mkali mezani halikufundishi kitu kuhusu amani, linakufundisha watu wema wanaelewana, jambo tulilokuwa tunalijua.

Sasa Oktoba 2023. Umeuliza kama kuna mtu bado ana hamu. Wengi hawana, tuseme ukweli. Siku ile ya tarehe 7 Hamas walipovamia Israeli waliuawa watu karibu 1,200 na wengine kama 250 wakachukuliwa mateka. Vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokuwa kwenye mafunzo ya kilimo nao wote wawili walipoteza maisha. Miongoni mwa waliouawa Be'eri, kijiji cha ushirika (kibbutz) karibu na Gaza, ni Vivian Silver, mama wa miaka 74, mmoja wa waanzilishi wa Women Wage Peace, harakati ya amani ya wanawake wa Israeli, na siku tatu tu kabla harakati hiyo pamoja na wenzao wa Kipalestina, Women of the Sun, walikuwa wamefanya mkusanyiko wa pamoja. Halafu Gaza, wizara ya afya ya kule imehesabu waliouawa zaidi ya 60,000, mitaa mizima haipo. Kuna watu wa harakati hizi walioacha kabisa, Waisraeli waliosema nilidanganywa na Wapalestina waliosema nitakaa vipi na mtu ambaye mwanae yuko jeshini Gaza sasa hivi. Siwalaumu. Lakini wapo pia kama Maoz Inon, wazazi wake wote wawili waliuawa siku ile, na Aziz Abu Sarah, Mpalestina wa Yerusalemu ambaye kaka yake alikufa baada ya mateso ya jela ya Israeli, wanazunguka pamoja dunia nzima, Mei 2024 walisimama mbele ya Papa Francis pale Verona na uwanja mzima ukasimama. Parents Circle wameendelea, na familia mpya zimejiunga, kitu ambacho ni habari mbaya na nzuri kwa pamoja.

Kwa hiyo zoezi lako. Lifanye, ila sio kama nilivyoona klabu nyingi zinavyofanya, kwamba nusu ya darasa Israeli, nusu Palestina, kila mtu anakwenda anakopenda. Kwetu unajua kitatokea nini, Wakristo wote wanakwenda Israeli na Waislamu wote Palestina, ndani ya dakika kumi hamjadili tena Mashariki ya Kati, mnajadili Tanga. Wapange wewe, tena kinyume ikibidi. Na kabla ya kuanza wape mambo mawili ambayo kila mwaka yanawashangaza wanafunzi, kwamba kuna Wapalestina Wakristo, Bethlehemu na Beit Jala zenyewe zina makanisa ya miaka na miaka, na kwamba kama moja ya tano ya raia wa Israeli ni Waarabu wanaopiga kura na wengine ni madaktari na majaji huko.

Usiwape mkataba mzima, hamtamaliza na watakuletea insha. Wape vipengele vitatu tu: vizuizi na makazi ya walowezi, wafungwa na mateka, na nani atakagua. Kila mjumbe awe na karatasi ya siri inayomwambia yeye ni nani, muuza duka Nablus, mama mwenye mtoto jeshini, mlowezi, mkimbizi wa kambi, afisa usalama mstaafu, na mstari mmoja ambao hawezi kuuvuka. Angalau mmoja kila upande karatasi yake imwambie asikubali chochote, na asijulikane ni nani. Halafu weka wajomba, yaani kundi la wanafunzi wengine nje ya mlango wanaowakilisha wananchi wa kila upande, wajumbe wakishasaini watoke wakawaelezee na wajomba wapige kura. Hapa ndo zoezi linapopata meno, na utaona mjumbe aliyekuwa shujaa ndani anavyotetemeka nje.

Muda, vipindi viwili mfululizo havitoshi, tafuta Jumamosi. Kikao cha historia kipe nusu saa, weka saa ya ukutani au ya simu mezani, muda ukifika unakata hata kama mtu analia. Anayeandika rasimu awe mmoja kila upande na waandike kwenye ubao mmoja, sio kila upande na daftari lake, maana ukiwaachia madaftari watakuletea mikataba miwili. Karatasi za wahusika ziandike mwenyewe, za mtandaoni nyingi zimeandikwa kwa ajili ya vyuo vya Marekani na vijana wako watapotea. Ukikwama kwenye ramani ya maeneo A, B na C niandikie, ninayo moja rahisi nnayotumia darasani, ntakutumia uichapishe kubwa.